Zamu ya Mzazi

Mwaka 1941 kitongoji cha Karori, mjini Wellington, kilikuwa na kina mama wengi waliobaki peke yao na watoto. Askari wa New Zealand walikuwa mbali, wakipigana Ugiriki, Krete na katika jangwa la Afrika Kaskazini. Mwenye watoto wawili au watatu wa chini ya miaka mitano aliamka nao, akashinda nao, akalala nao, bila mume wa kumpokea. Kwenda dukani mikono mitupu ilikuwa anasa.

Beatrice Beeby, Joan Wood na Inge Smithells wakabuni mpango mwepesi kuusimulia. Watoto wa jirani wakusanywe mahali pamoja asubuhi kadhaa kwa wiki. Kina mama wachache washike zamu ya kuwa nao, na wengine wapate saa mbili tatu za kupumua. Wiki inayofuata wabadilishane. Mpango huo ukapewa jina la Playcentre. Haukuhitaji jengo jipya wala mshahara mkubwa. Ulihitaji ukumbi, vitu vya kuchezea na ratiba ya zamu.

Ratiba hiyo ndiyo iliyoleta jambo ambalo sura hii inalifuatilia. Mama anayempeleka mtoto shule na kuondoka hana haja ya kujua kinachoendelea humo ndani. Mama mwenye zamu Jumatano, atakayekuwa na watoto ishirini mbele yake, anahitaji kujua, tena anahitaji kujua kabla ya Jumatano. Aulize nini? Amtulize vipi anayelia? Yule anayerusha mchanga aachwe au azuiwe? Maswali ambayo nyumbani yalimezwa na mapishi na ufuaji, hapa yalidai jibu mbele ya wenzake.

Kulea kwa saa ya ukutani

Kina mama hao hawakuwa wageni wa ushauri. New Zealand ilikuwa na jumuiya ya Plunket, iliyoanzishwa mwaka 1907 na daktari Truby King kwa nia ya kuokoa maisha ya watoto wachanga. Wauguzi wake walipita nyumba kwa nyumba wakipima uzito na kutoa maelekezo. Mtoto anyonyeshwe kila baada ya saa nne, si akililia. Alale kwa ratiba. Asibebwe-bebwe akadeka. Mama mwema alikuwa yule anayefuata, na mtoto mwema alikuwa yule asiyesikika.

Elimu ya mzazi, kwa mtazamo huo, ilitoka juu ikishuka chini: mtaalamu anasema, mama anatekeleza. Mama hakuombwa amtazame mtoto wake na kueleza alichokiona. Alichoona hakikuwa na uzito.

Upepo wa upande mwingine ulikwishaanza kuvuma. Mwaka 1937 mwanasaikolojia Mwingereza Susan Isaacs alizuru nchi hiyo pamoja na wasemaji wengine wa mkutano mkubwa wa New Education Fellowship, chama cha kimataifa cha mageuzi ya elimu. Isaacs alikuwa ameongoza Malting House School, shule ndogo ya Cambridge iliyofunguliwa mwaka 1924. Humo watoto waliachwa wachimbe, wapande, waulize na kubishana, huku watu wazima wakiandika kila walichofanya na kusema. Hoja yake ni kwamba mchezo ndiyo kazi ya mtoto ya kufikiri, na kwamba mkubwa hawezi kumsaidia mtoto kabla ya kumtazama kwa makini. Mihadhara ile ilisikilizwa na walimu na wazazi wengi. Mume wa Beatrice, Clarence Beeby, aliyekuwa mtu wa elimu hasa, akawa Mkurugenzi wa Elimu wa nchi nzima mwaka 1940, hivyo mawazo hayo hayakukosa mlango serikalini.

Aliyeyageuza kuwa mafunzo ya wazazi ni Gwen Somerset. Alikuwa mwalimu wa vijijini kwa miaka mingi kabla yeye na mumewe Crawford hawajapewa, mwaka 1938, kuongoza kituo cha elimu ya watu wazima katika mji mdogo wa Feilding. Kina mama walipokuja madarasani walikuja na watoto, na watoto wakatengewa mahali pa kucheza. Somerset akatambua kwamba mahali pale palikuwa darasa bora kuliko yote jengoni, ikiwa mama atakaa pembeni na kuonyeshwa cha kutazama. Shirikisho la Playcentre lilipoundwa mwaka 1948, yeye ndiye aliyekuwa rais wake wa kwanza. Mwaka uliofuata alitoa kitabu, I Play and I Grow, kilichokuwa mkononi mwa wazazi wa zamu kwa miaka mingi.

Mkono unaojizuia

Asubuhi ya kituo cha namna hiyo, zamani na hata leo, haina kengele ya vipindi. Kuna beseni kubwa la maji, sanduku la mchanga, udongo wa mfinyanzi, unga uliokandwa kwa chumvi kwa ajili ya kufinyanga, rangi, vitabu, nguo za kuigizia ubaba na umama, matofali ya mbao, na meza ya useremala yenye nyundo na misumari halisi. Watoto wa umri tofauti wamechanganyika, kuanzia anayetambaa hadi anayekaribia kuanza shule. Kila mmoja anachagua pa kwenda. Mzazi wa zamu anapangiwa eneo.

Tuseme amepangiwa maji. Mtoto wa miaka mitatu ameshika jagi na anataka kujaza chupa yenye shingo nyembamba. Anamimina kwa nguvu. Maji yanamwagikia mkononi na kwenye viatu. Anamimina tena. Mkono wa mama unataka kwenda kumshikia chupa, na mdomo unataka kusema polepole. Katika mafunzo yake ameambiwa asubiri. Mara ya tatu mtoto anasimamisha jagi, anaitazama chupa, anaishusha chini ili iegemee ukuta wa beseni, kisha anamimina uzi mwembamba wa maji. Nusu inaingia. Anatazama huku na huku, anaona faneli karibu na mtoto mwingine, anaiomba. Dakika nne zimepita. Amejaribu njia, ameiacha, amebuni nyingine, ameomba chombo kwa mwenzake na kupewa. Mkono wa mama ungeenda mapema, yote hayo yangefutika na chupa ingejaa.

Watoto wakishaondoka, au wakiwa wamekusanywa kwa hadithi, wazazi wa zamu huketi kidogo pamoja. Nani alicheza wapi? Nini kilivutia? Kesho kiongezwe nini kwenye maji? Kila mtoto ana kumbukumbu zake zilizoandikwa na wakubwa mbalimbali, si mama yake peke yake. Mama anasoma mwanawe alivyoonekana na jicho la jirani, naye anaandika juu ya wa jirani. Anagundua pia kwamba wa kwake si yeye pekee anayeuma wenzake au kujitupa chini kwa kilio. Aibu aliyokuwa akiificha nyumbani inageuka kuwa suala la kuzungumzwa mezani.

Mafunzo yalipangwa kwa ngazi. Anayeingia anapata utangulizi mfupi. Anayeendelea anasoma ukuaji wa mtoto, uongozi wa kikundi, uendeshaji wa kituo. Vyeti vya mafunzo hayo leo vinatambuliwa na mamlaka ya sifa za elimu ya nchi hiyo. Sheria ya leseni nayo inataka kituo kiwe na wazazi waliofikia ngazi fulani kabla ya kufunguliwa. Hapo ndipo jambo hili linapotofautiana na kamati ya shule tunayoijua, ambapo mzazi huitwa kwenye mkutano wa michango. Mzazi wa Playcentre ndiye mwalimu wa siku, mweka hazina wa mwaka na mwanafunzi wa kozi, yote kwa pamoja.

Pale wazazi walipokwenda mbele zaidi

Katika miaka ya 1960 mfumo huo ulipelekwa kwa bidii katika vijiji vya Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, hasa kaskazini ya nchi. Lex Grey, aliyekuwa kiongozi wa Playcentre, ndiye aliyekuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo. Alishikilia kwamba mtoto wa Kimaori hafaidiki na shule ya awali iliyoletwa na kuendeshwa na watu wa nje. Familia zianzishe zenyewe, hata kama ni chini ya mti au kwenye ukumbi wa ukoo. Familia nyingi zikafanya hivyo. Lakini lugha iliyotawala vituoni ilikuwa Kiingereza, na uchunguzi wa mtafiti Richard Benton katika miaka ya 1970 ulionyesha kwamba watoto waliokuwa wakikua na Kimaori kama lugha ya nyumbani walikuwa wachache mno.

Aprili 1982, huko Wainuiomata karibu na Wellington, kikafunguliwa kituo cha kwanza cha Te Kōhanga Reo. Humo Kimaori ndiyo lugha ya mchana kutwa, na walimu wa awali walikuwa mababu na mabibi. Kizazi cha kati ndicho kilichokuwa na kazi ngumu. Wazazi wengi walilelewa kwa Kiingereza. Wengine wazazi wao walichapwa shuleni kwa kusema Kimaori. Walikuja kushika zamu wakiwa wanajua salamu na nyimbo chache, wakaanza kujifunza sentensi zilezile walizokuwa wakijifunza watoto wao, kutoka kwa wazee walewale. Ndani ya miaka michache vituo vikafika mamia.

Kilichofuata kinaonyesha mzazi aliyekwisha kaa darasani hukubali nini na hukataa nini. Watoto hao walipofikia umri wa kuanza shule, walitakiwa kuingia shule za Kiingereza, na wazazi waliokuwa wakiendesha vituo kwa mikono yao hawakuona sababu ya kukubali. Mwaka 1985 shule ya kwanza ya msingi ya aina ya Kura Kaupapa Māori, inayofundisha kwa Kimaori, ilianzishwa Hoani Waititi Marae, Auckland. Miaka minne baadaye shule za aina hiyo zilikuwa zimeingia katika sheria ya elimu.

Mombasa: watoto wa chuoni

Miaka hiyohiyo ya 1980, wazee wa Kiislamu wa Mombasa walikuwa na shida iliyofanana na hiyo kwa sura nyingine. Watoto wao walikwenda chuoni kusoma Kurani tangu wadogo. Nasari za mjini, ambazo ziliwaandaa watoto kwa darasa la kwanza, ziligharimu fedha, nyingi hazikuwa karibu nao, na wazazi wengi waliogopa zingemtoa mtoto katika dini na mila zake. Matokeo yake mtoto alifika mlango wa shule ya msingi bila maandalizi ambayo wenzake walikuwa nayo, na pengo hilo likaendelea kumfuata. Wazee hao walipeleka suala lao kwa Aga Khan, imamu wa Waislamu wa Ismailia, na mwaka 1986 programu ya shule za awali za madrasa ikaanza chini ya taasisi yake.

Aliyepewa kazi ni mwalimu wa Mombasa, Bi Swafiya Said. Njia yake haikuwa kujenga shule na kuita watoto. Alianza kwa kukaa na wazazi na viongozi wa msikiti, mtaa kwa mtaa, kuzungumza. Jamii ikikubali, ilisaini mkataba. Upande wake ilitoa chumba, mara nyingi kile kile cha madrasa. Ikachagua kamati yenye wanawake ndani yake. Ikatoa mabinti na kina mama wa mtaani wa kufunzwa ualimu. Upande wa pili, kituo cha programu kiliwafunza walimu hao, kikawatembelea darasani mara kwa mara, na kikaifunza kamati kutunza hesabu na kupanga ada. Mafunzo ya dini na maadili yakaunganishwa na michezo, hesabu na lugha. Zanzibar ilianza mwaka 1990, Uganda mwaka 1993, na baada ya muda shule zikapita 200 katika nchi hizo tatu.

Wazazi waliingia kwa mlango wa zana. Hakukuwa na fedha za kununua vifaa vya dukani, basi vikatengenezwa. Vifuu vya nazi vikasuguliwa hadi vikawa vikombe vya kupimia. Vizibo vya soda vikawa vya kuhesabia. Mbegu, kumbi, magamba ya baharini, makopo, vipande vya kanga na makuti, kila kitu kikapata kazi. Kina mama walikaa siku nzima wakishona wanasesere na kusuka vijamvi, mafundi seremala wakakata vibao vya maumbo. Mtu anayeketi kutengeneza seti ya vifuu kwa ukubwa tofauti huuliza ni vya nini, na jibu hilo ni somo: ni vya kupanga kutoka kidogo hadi kikubwa, na kupanga huko ndiko hesabu inakoanzia.

Swali lililorudi kila mahali, na ambalo walimu wa maandalizi wa Unguja na Pemba wanalijua mpaka leo, ni la mzazi mlangoni: “Mwalimu, mbona mtoto anarudi hana hata alichoandika? Anacheza tu?” Mwalimu anaweza kujibu kwa maneno mengi na asieleweke. Njia fupi ni kumwambia, “Karibu, baba, kaa naye asubuhi moja.” Baba akikaa kwenye kona ya duka la kuigiza, atakuta mwanawe anauza. Mteja wa miaka mitano anataka viazi vitatu. Muuzaji anahesabu moja, mbili, tatu, anapokea vizibo viwili, anakataa, anadai kimoja zaidi. Programu hii ilichota kutoka mbinu ya HighScope ya Marekani desturi ya mtoto kupanga atakachofanya, kukifanya, kisha kueleza alichofanya. Kwa hiyo baada ya duka kufungwa, mtoto anasimama na kueleza biashara yake ilivyokwenda. Baba aliyekuja kutafuta daftari amesikia mwanawe akitoa hesabu ya mauzo kwa sentensi kamili.

Watafiti Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walilinganisha watoto wa shule hizi na wa shule nyingine za awali, na wale waliobaki nyumbani, katika nchi hizo tatu. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalionyesha kwamba watoto wa shule za awali za aina zote mbili walipiga hatua kuliko waliobaki nyumbani, na wa madrasa walipiga hatua kubwa zaidi katika vipimo vya kufikiri. Utafiti huo haukuwagawa watoto kwa kura, hivyo huenda wazazi waliochagua shule hizo walikuwa na tofauti zao tangu mwanzo. Hata hivyo, shule zenyewe zilikuwa vyumba vya kawaida vya mtaani, walimu wake wakiwa wanawake wa mtaa uleule na vifaa vyake vifuu na vizibo.

Mfuko wa vitu vya kuchezea, Kingston

Kwa ushahidi wa utafiti uliogawa watoto kwa kura inabidi kwenda Jamaika. Mwaka 1986 na 1987 daktari Sally Grantham-McGregor na wenzake walichagua watoto 129 katika mitaa ya kimaskini ya Kingston. Walikuwa na umri wa miezi 9 hadi 24, na wote walikuwa wamedumaa. Kwa kura waligawanywa makundi manne. Kundi la kwanza lilipewa maziwa ya lishe kila wiki. La pili lilitembelewa nyumbani kwa saa moja kila wiki. La tatu lilipata yote mawili, na la nne halikupata lolote kati ya hayo. Kazi hiyo ilidumu miaka miwili.

Mgeni wa kila wiki alikuwa mhudumu wa afya wa jamii, mwanamke wa kawaida aliyepewa mafunzo ya ziada. Alikuja na mfuko wa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa chupa za plastiki, maboksi na vitambaa, pamoja na vitabu vya picha vya kushonwa kwa mkono. Kazi yake haikuwa kucheza na mtoto mama akiendelea kufua. Alimwonyesha mama mchezo, kisha akampa mama kile kitu mkononi, akakaa pembeni na kutazama. Mama akifanya vizuri, anasifiwa palepale. Alipoondoka aliacha vitu hivyo nyumbani, na wiki iliyofuata alivibadilisha na vingine vigumu kidogo. Mazungumzo wakati wa kuoga na kupika yalihesabiwa kuwa sehemu ya mafunzo.

Faida ya maziwa kwa akili za watoto ilififia kadiri miaka ilivyopita. Ya michezo haikufifia. Watafiti walipowatafuta watoto hao baada ya miaka 20 na kuwapata 105 kati yao, waliotembelewa walikuwa wakipata kipato cha asilimia 25 zaidi ya wenzao ambao hawakutembelewa. Walikuwa wamewafikia vijana ambao hawakudumaa. Matokeo hayo yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 2014, na nchi nyingi zimeuchukua mpango huo na kuurekebisha, zikiwemo Bangladesh na Colombia. Saa moja kwa wiki haiwezi kufanya kazi hiyo peke yake. Kinachoelekea kuelezea matokeo hayo ni siku sita nyingine, ambapo mama alibaki na vitu mkononi na ujuzi wa kuvitumia.

Kutumwa dukani

Ushiriki wa mzazi umekuwa wimbo wa kila sera ya elimu, na hapo ndipo pa kuangalia kwa makini. Kenya ilipoanza kutekeleza mtaala wa umilisi, CBC, nchi nzima mwaka 2019, ushirikishwaji wa wazazi ulikuwa miongoni mwa nguzo zake. Wazo lilikuwa zuri. Utekelezaji, kwa wazazi wengi, ulifika nyumbani kama orodha: leta manila, leta gundi, chapisha picha hizi kwa rangi, tengeneza mnyama kwa vifaa vinavyopatikana, iwe tayari kesho asubuhi. Mama aliyerudi kazini saa moja jioni akajikuta anatafuta saibakafe iliyo wazi. Mtoto akalala, mzazi akamaliza kazi ya mtoto. Malalamiko yalijaa redioni na mitandaoni, na mwaka 2021 suala la mtaala huo likafikishwa Mahakama Kuu.

Lawama nyingi ziliangukia gharama, na gharama zilikuwa halisi. Lakini ukilinganisha na vifuu vya Mombasa, tofauti kubwa haiko kwenye bei. Mama wa Mombasa alitengeneza zana akiwa pamoja na mwalimu, akaelezwa ni ya nini, kisha akaiona ikitumiwa na watoto. Mzazi aliyetumwa manila hakuona darasa, hakujua mnyama yule alikuwa wa kumfundisha mtoto nini, na kazi ilipokwisha aliyekuwa amejifunza kukata na kubandika ni yeye. Alishirikishwa kama msambazaji wa vifaa.

Shule inayotaka kubadili hilo haihitaji waraka mpya. Inahitaji kumpa mzazi kiti darasani kwa saa moja, eneo la kusimamia na jambo moja la kutazama: leo mwangalie mtoto huyu anavyoomba kitu kwa mwenzake. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kazi hiyo. Bibi anaiweza, na baba pia, ingawa kokote mpango huu ulikojaribiwa kina baba wamekuwa wachache.

Saa za nani

Kuna pingamizi moja zito, nalo limeitesa New Zealand yenyewe. Zamu hula saa. Playcentre ilistawi katika kizazi ambacho kina mama wengi hawakuwa na ajira ya mshahara. Walipoingia kazini, walihitaji mahali pa kumwacha mtoto kutwa nzima, si mahali pa kukaa naye. Vituo vya kulelea watoto vikaongezeka. Playcentre zikapungua kutoka kilele cha miaka ya 1970, na leo zimebaki takriban 400. Waliobaki hubeba zamu nyingi zaidi, pamoja na makaratasi ya leseni na ukaguzi.

Kwa mama ntilie wa Dar es Salaam anayewasha jiko saa kumi alfajiri, au mchuma chai wa Kericho anayelipwa kwa kilo, pingamizi hilo ni zito mara dufu. Asubuhi moja shuleni ni asubuhi bila kipato. Tanzania ilizindua Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayotaka malezi yenye mwitikio yawafikie wazazi wa ngazi zote. Mpango wowote wa kuwafikia utakwama ukiwataka watafute saa ambazo hawana.

Jibu moja limejaribiwa tena katika visiwa vya Karibiani. Watafiti wa Jamaika, wakishirikiana na wenzao, walijiuliza ni wapi mama mwenye mtoto mchanga tayari anakaa bila kazi. Jibu lilikuwa benchi la kliniki. Katika vituo vya afya vya Jamaika, Antigua na Saint Lucia, mama waliokuja na watoto kwa mizani na chanjo walionyeshwa filamu fupi za dakika chache wakiwa kwenye foleni: kuzungumza na mtoto mchanga, kuchezea vyombo vya nyumbani, kutazama kitabu pamoja. Filamu ikikwisha, mhudumu wa afya alitoa vitu na kila mama akajaribu na mtoto wake palepale. Muuguzi alimalizia kwa kumuuliza mama alichojaribu nyumbani, na katika baadhi ya siku mama aliondoka na kitabu cha picha au fumbo la vipande. Yote yalifanyika katika mahudhurio matano, mtoto akiwa na umri wa miezi 3 hadi 18. Mama na watoto takriban 500 walishiriki utafiti huo, na matokeo yalichapishwa mwaka 2015: watoto walipata alama za juu zaidi katika vipimo vya kufikiri na mama walijua zaidi kuhusu ukuaji, ingawa katika lugha hakukuonekana tofauti.

Kliniki za Afrika Mashariki tayari zina benchi hilo, zina kadi ya mtoto, na nyingi zina muuguzi anayetoa somo la afya asubuhi kabla ya kuanza mizani. Somo hilo kwa kawaida husikilizwa tu. Kinachotakiwa kuongezwa ni sanduku la vitu vya kuchezea vya kutengenezwa kwa mkono, mhudumu mmoja aliyefunzwa kukaa pembeni na kutazama, na dakika kumi ambazo mtoto yuko mapajani na kitu kiko mkononi mwa mama.